Kunakili Magofu: Nakala kama Njia ya Kujifunza Uchoraji wa Rangi za Mafuta, kutoka Roma hadi Makerere

IKISIRI

Makala haya yanachunguza historia ya kujifunza uchoraji wa rangi za mafuta kwa kunakili picha za mandhari zenye magofu ya kale. Yanaanzia mwaka 1666, Akademia ya Ufaransa ilipoanzishwa mjini Roma, na kuishia katika mjadala wa elimu ya sanaa Afrika Mashariki katikati ya karne ya 20. Hoja kuu ni kwamba nakala ilikuwa zoezi lenye masharti, na kwamba masharti hayo ndiyo yaliyoitenga na ughushi na kuifanya iwe elimu. Makala yanaonyesha pia kwamba neno kuiga, kama linavyotumika katika mazungumzo yetu kuhusu mitaala, limebebeshwa vitendo vinne vilivyo tofauti. Mkanganyiko huo wa kimsamiati unaweza kumnyima mwanafunzi njia ya kujifunza ambayo kihistoria iliwafaa hata watu waliofungiwa milango ya vyuo. Mapendekezo matatu yanatolewa kwa waandaaji wa sera na mitaala.

1.0 Utangulizi

Katika kikao kimoja cha kuandaa istilahi za Kiswahili kwa somo la sanaa, mwandishi wa makala haya alikabidhiwa rasimu iliyokuwa na sentensi hii: "Mwanafunzi asiige kazi ya msanii mwingine." Wajumbe wengi waliipitisha bila neno. Mwalimu mmoja wa uchoraji ndiye aliyenyoosha mkono na kuuliza: "Basi atajifunzaje kuchanganya rangi ya kivuli kinacholala juu ya jiwe?" Swali hilo halikujibiwa, na kikao kikaendelea na kipengele kilichofuata.

Makala haya ni jaribio la kulijibu. Yanafanya hivyo kwa njia ya historia, kwa kuwa swali la mwalimu yule liliulizwa zamani, likajibiwa kwa vitendo, na majibu yake yamehifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Aina moja ya picha imechaguliwa, nayo ni mandhari yenye magofu ya kale. Sababu ni mbili. Kwanza, kwa takriban karne mbili picha za aina hii zilikuwa miongoni mwa vielelezo vikuu ambavyo wanafunzi wa Ulaya walivitumia kujifunza rangi za mafuta. Pili, magofu si jambo geni kwetu. Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Gedi na Pate ni sehemu ya kumbukumbu ya wazungumzaji wa Kiswahili, na ushairi wetu uliyatafakari magofu kabla mchoraji yeyote wa mafuta hajayafikia.

2.0 Nakala kama wajibu: Roma, 1666–1765

Akademia ya Ufaransa mjini Roma ilianzishwa mwaka 1666 chini ya Mfalme Louis XIV na waziri wake Colbert. Wanafunzi waliopelekwa huko kwa gharama ya taji walikuwa na wajibu ulio wazi: kunakili kazi bora za Roma na kupeleka nakala hizo Ufaransa. Kwa hiyo, tangu mwanzo, nakala ilikuwa malipo ya ufadhili na papo hapo ikawa somo lenyewe. Kwa kunakili sanamu mwanafunzi alijifunza umbo, na kwa kunakili picha za mafuta alijifunza rangi.

Mandhari yenye magofu yalikuwa tayari yana bwana wake katika mji huo. Claude Gellée, aliyejulikana kwa jina la Claude Lorrain kutokana na jimbo alikozaliwa, aliishi Roma hadi alipofariki mwaka 1682. Picha zake nyingi zilikuwa na mpangilio unaotambulika: miti au nguzo za hekalu lililobomoka upande mmoja, maji au bonde katikati, na mwanga wa jua unaotoka mbali na kuyeyusha kingo za kila kitu. Baada yake alikuja Giovanni Paolo Panini (1691–1765), aliyechora Jukwaa la Warumi, Kolosai na Panteoni kwa wasafiri waliotaka kurudi kwao na kumbukumbu. Panini alifundisha kanuni za kuonyesha umbali katika Akademia hiyohiyo ya Ufaransa.

Mwaka 1754 kijana wa Paris aitwaye Hubert Robert (1733–1808) aliwasili Roma, akakaa miaka kumi na mmoja. Ushawishi wa Panini katika kazi zake za wakati huo ni dhahiri: matao makubwa, watu wadogo wanaofua nguo au kunywesha mifugo chini yake, na mwanga unaopenya kutoka upande. Hata hivyo Robert hakubaki ndani ya chumba cha nakala. Mkuu wa Akademia wa wakati huo, Charles-Joseph Natoire, aliwahimiza wanafunzi kutoka nje kuchora mandhari yenyewe, na mwaka 1760 Robert alikuwa Tivoli akichora bustani za Villa d'Este pamoja na Fragonard. Aliporudi Paris mwaka 1765 alikuwa na mtindo wake, na watu wakampa lakabu ya "Robert wa Magofu".

Mfuatano huu ni muhimu kwa hoja yetu. Robert alinakili, kisha akatoka nje kuona, kisha akatunga. Hatua ya kwanza haikuifuta ya tatu, bali iliiwezesha.

3.0 Kilichofundishwa na nakala ya magofu

Kwa nini magofu? Jibu la kawaida ni kwamba watu wa karne ya 18 waliyapenda kwa huzuni yake. Hilo ni kweli, lakini halitoshi kueleza kwa nini walimu waliyapenda. Lugha yetu inatoa mwanga. Katika Kiswahili, gofu ni jengo lililobomoka. Vilevile ni mtu aliyekonda hadi mifupa ikaonekana. Maana hizi mbili zinakutana mahali alipopahitaji mwanafunzi wa uchoraji: jengo lililopoteza nyama yake likabaki na mifupa inayoonyesha jinsi lilivyoshikamana. Tao lililovunjika nusu humwonyesha mchoraji unene wa ukuta, mpangilio wa mawe na duara ambalo halipo tena lakini ambalo jicho lazima likamilishe. Asiyejua kanuni za umbali ataumbuliwa na tao hilo mapema.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa hatua. Mwanafunzi aliweza kugawa picha ya asili katika miraba, akachora miraba ileile kwenye kitambaa chake kwa ukubwa mwingine, kisha akahamisha mistari mikuu mraba kwa mraba. Kitambaa kilikuwa kimeshapakwa rangi ya msingi, mara nyingi ya kahawia au ya udongo mwekundu, ili weupe usilidanganye jicho. Ikafuata tabaka la kwanza, jembamba na lisilo na mng'ao, lililopanga mahali pa mwanga na mahali pa giza tu. Juu yake ndipo rangi zilipojengwa, na katika mandhari ilikuwa kawaida kuanza na kilicho mbali: anga, vilima vya samawati, magofu ya katikati, na mwisho ardhi ya mbele yenye giza, watu na wanyama. Mwishoni kabisa alipaka tabaka angavu za rangi iliyozimuliwa kwa mafuta, zinazopitisha mwanga kama kioo, ili jiwe lipate joto la jua la jioni.

Hatua hizi zinatokana na kemia ya mafuta yenyewe. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji yanavyokauka. Hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewani, na kazi hiyo huchukua siku au majuma. Tabaka la juu likiwa na mafuta machache kuliko la chini, litakauka mapema, kisha litapasuka lile la chini linapoendelea kubadilika. Ndiyo maana kanuni ya warsha ilitaka kila tabaka liwe na mafuta mengi kuliko lililotangulia. Kanuni hii inaweza kuandikwa katika mstari mmoja wa kitabu. Lakini kujua kwa mkono ni wakati gani tabaka limekuwa tayari, na ni mafuta kiasi gani yanayotosha, ni ujuzi unaopatikana kwa kuijenga upya picha ambayo mtu mwingine alikwisha kuijenga sawasawa. Mwanafunzi anayetunga na kujifunza ufundi kwa wakati mmoja hajui kosa limetoka wapi: kwenye wazo au kwenye mkono? Nakala huliondoa swali la kwanza kwa muda, ili la pili lijibiwe.

4.0 Masharti ya nakala

Wale wanaoihofia nakala wana sababu. Claude mwenyewe aliibiwa mtindo wake mjini Roma, na picha za wengine zikauzwa kwa jina lake. Inaelezwa kwamba ndiyo sababu alianza, katika miaka ya 1630, kuweka daftari la michoro ya picha alizozimaliza, lililokuja kuitwa Kitabu cha Ukweli. Lina michoro karibu 200, nalo leo limo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Wanunuzi wa Claude walihitaji ushahidi, kwa sababu nakala nzuri na picha ya asili zinaweza kulidanganya jicho.

Jibu la taasisi halikuwa kuipiga marufuku nakala, bali kuiwekea mipaka. Jumba la Louvre lilipofunguliwa kwa umma mwezi Agosti 1793, wakati wa Mapinduzi, juma la siku kumi liligawanywa: umma uliruhusiwa siku chache tu, na siku nyingi zaidi zikatengwa kwa wasanii waliokuja kunakili. Utaratibu wa wanakili katika Louvre unaendelea hadi leo, na masharti yake yanastahili kusomwa na kila mwandaaji wa mitaala. Mnakili huomba kibali. Nakala yake lazima iwe kubwa au ndogo kuliko picha ya asili. Haruhusiwi kunakili sahihi ya mchoraji. Kitambaa chake hugongwa muhuri.

Tazama masharti hayo yanavyofanya kazi. Hakuna hata moja linalopunguza kile mwanafunzi anachojifunza. Ukubwa tofauti unamlazimisha apime upya badala ya kufuatisha. Kila moja linaziba njia ya udanganyifu. Mpaka kati ya elimu na wizi, kwa hiyo, haukuwekwa kwenye kitendo cha mkono, bali kwenye uwazi wa asili ya kazi.

5.0 Waliofungiwa mlango

Upande wa pili wa historia hii unahusu haki. Chuo kikuu cha sanaa cha serikali mjini Paris hakikuwapokea wanawake hadi mwaka 1897. Louvre, kinyume chake, iliwapokea kama wanakili miongo mingi kabla ya hapo. Berthe Morisot alinakili humo akiwa kijana, na ni humo ndimo alimotambulishwa kwa Édouard Manet. Nakala ilikuwa chuo kwa wasiokuwa na chuo.

Mfano ulio karibu zaidi na somo letu unatoka Marekani. Robert S. Duncanson (1821–1872), mtu mweusi aliyeanza kazi kwa kupaka rangi nyumba katika jimbo la Michigan, alihamia Cincinnati na kujifunza uchoraji bila kupita katika akademia yoyote. Alijifunza kwa kunakili chapa na kwa kuchora alichokiona. Mwaka 1848 alichora magofu ya Wamaya wa Yucatán, akitegemea michoro ya Frederick Catherwood iliyochapishwa katika vitabu vya safari vya miaka ya 1840. Chapa za vitabu hivyo hazikuwa na rangi. Kwa hiyo Duncanson alipoihamishia picha kwenye rangi za mafuta, mistari ilikuwa ya mwingine, ila anga, majani na joto la jiwe vilikuwa uamuzi wake. Mwaka 1853 alisafiri hadi Ulaya, akayaona magofu ya Italia kwa macho yake, na miaka iliyofuata akachora mandhari ya Italia na ya Pompeii kwa mkono uliokwisha kukomaa. Alikuja kuwa miongoni mwa wachoraji wa mandhari walioheshimiwa katika eneo lake, katika nchi ambayo watu wa rangi yake kwa mamilioni walikuwa bado watumwa.

Kumwambia kijana kama huyo "usinakili, tunga" kungekuwa sawa na kumwambia asijifunze, kwa kuwa vingine vyote vinavyomfundisha mtu kutunga, yaani mwalimu, chuo na safari, vilikuwa mikononi mwa wengine.

6.0 Makerere na hofu ya nakala

Afrika Mashariki ilikutana na swali hili katika mazingira tofauti. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Kampala katika miaka ya 1930, na kazi yake ikazaa shule ya sanaa ya Makerere iliyopewa jina lake. Trowell hakutaka wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Aliwasimulia hadithi na matukio, akawataka wachore walichokiona akilini. Uamuzi huo ulikuwa na uzito wa kimaadili: katika mazingira ya ukoloni, kumweka kijana mbele ya picha ya Kizungu na kumwambia "fanya hivi" kulikuwa na ujumbe mwingine chini yake. Cecil Todd aliyemrithi mwaka 1958 aliegemea zaidi kwenye mafunzo rasmi ya rangi na historia ya sanaa ya Ulaya, na tangu hapo mvutano kati ya njia hizi mbili haujaisha.

Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu chini ya Kilimanjaro na mwanafunzi wa Makerere, aliibeba hofu ya nakala hadi Nairobi. Kituo cha Paa ya Paa, alichokianzisha na wenzake mwaka 1965, kinafahamika kwa onyo lake kwamba nakala humlaza Mungu usingizi. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru onyo hilo lilikuwa la lazima. Tatizo ni kwamba kauli iliyosemwa dhidi ya utumwa wa fikra huweza, ikishaingia katika mitaala bila muktadha wake, kuwa marufuku dhidi ya zoezi la mkono.

Tena, si kweli kwamba kunakili ni desturi ya kigeni. Utamaduni wa maandishi wa pwani ulisimama juu ya mabega ya wanakili. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi kwa ajili ya wataalamu kama Alice Werner na William Hichens. Naye huyohuyo alikuwa mshairi na mchonga mbao. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir unaoyatafakari majumba yaliyobomoka ya Pate, tunao leo kwa sababu watu waliunakili. Hakuna aliyewahi kudai kwamba mkono wa Kijumwa ulinyimwa ubunifu kwa kupita juu ya maneno ya wengine.

7.0 Msamiati na mapendekezo

Turudi kwenye sentensi ya rasimu. Neno kuiga lilikuwa limebeba vitendo vinne ambavyo Kiswahili kina majina yake. Kufuatisha ni kupitisha kalamu juu ya mstari uliokwisha chorwa. Kunakili ni kuihamisha kazi nzima kwenye uso mwingine kwa kuitazama, asili yake ikitajwa. Neno linatokana na Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya kuhamisha, na nakala ya mchoraji ni uhamisho kwa maana hiyo hasa. Kuiga ni kuchukua namna ya mtu na kuitumia katika kazi nyingine, kama Robert alivyoichukua namna ya Panini. Kughushi ni kunakili au kuiga huku ukificha asili. Kinachostahili kukatazwa ni hiki cha nne peke yake.

Kutokana na uchambuzi huu makala yanapendekeza mambo matatu.

(i) Miongozo ya somo la sanaa itenganishe istilahi hizi nne na kuzifafanua, ili mtahini na mwalimu wasimhukumu mwanafunzi kwa kosa asilolitenda.

(ii) Nakala iruhusiwe kama zoezi lenye masharti: asili itajwe nyuma ya kazi, ukubwa uwe tofauti, sahihi isinakiliwe, na kila nakala ifuatwe na kazi ya mwanafunzi mwenyewe iliyochorwa mbele ya kitu halisi. Sharti hili la mwisho ndilo linalojibu hofu ya Trowell na Njau.

(iii) Idara za makumbusho na mambo ya kale zitenge siku za wanafunzi wa uchoraji katika maeneo ya magofu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na Gedi ilitangazwa mahali pa kihistoria mwaka 1927. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa zina kila kitu ambacho tao la Roma lilimfundisha mwanafunzi wa Akademia. Kwa shule zilizo mbali na pwani, chapa nzuri ya picha inatosha kuanzia, kama ilivyomtosha Duncanson.

8.0 Hitimisho

Mwaka 1796 Hubert Robert, aliyekuwa amepita jela wakati wa Mapinduzi na ambaye alishiriki katika kupanga makusanyo ya Louvre, alionyesha picha aliyoichora kwa kubuni. Ndani yake Ukumbi Mkuu wa Louvre umekuwa gofu. Paa limeporomoka, anga inaonekana, majani yameota juu ya kuta, na watu wamekoka moto sakafuni. Katikati ya kifusi imesimama sanamu ya Apolo, na mbele yake ameketi kijana anayeinakili.

Robert angeweza kumweka mtu yeyote mahali pale. Alimweka mwanafunzi, naye alijua kwa nini, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameketi hivyo mjini Roma miaka 40 kabla. Majengo huanguka na makusanyo hutawanyika, ila ujuzi huvuka kutoka mkono hadi mkono kwa njia hii ya kawaida. Sentensi ya rasimu ile ingemwondoa kijana huyo kwenye picha. Inapendekezwa isomeke hivi: "Mwanafunzi anakili kwa uwazi, na asighushi."